Bata Mzinga, Chumvi na Maji: Habari ya Jiko la Lupaso

Katika insha hii nakusudia kueleza jambo dogo lenye historia ndefu, nalo ni namna ya kutia chumvi nyama ya bata mzinga kabla ya kumpika, na sababu zilizowafanya watu wa Lupaso na jirani zao wa Masasi na Newala kushika njia yao wenyewe katika kazi hiyo. Lupaso ni kijiji cha wilaya ya Masasi. Wengi wakijua kwa kuwa Benjamin William Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, alizaliwa huko mwaka 1938, na huko ndiko alikozikwa mwezi wa Julai 2020. Mimi nakijua kwa ajili ya bibi yangu, na kwa ajili ya ndoo moja ya maji.

Mwezi wa Desemba 1983 nilirudi nyumbani kutoka masomoni kula sikukuu ya Krismasi. Nilikuwa na kitabu cha mapishi cha kigeni nilichokinunua kwa mkono wa pili, nami nilikiamini kama mwanafunzi aaminivyo kila kilichopigwa chapa. Baba alikuwa amenunua bata mzinga dume, ambaye baada ya kuchinjwa na kunyonyolewa alikuwa na uzito wa kilo tano hivi. Kitabu kiliagiza kwamba nusu kilo ya chumvi iyeyushwe katika lita nane za maji, bata azamishwe humo, akeshe usiku kucha mahali penye baridi. Maneno hayo matatu ya mwisho niliyapita upesi, maana sikuona yanahusu nini.

Yafaa msomaji akumbuke mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Bidhaa za dukani ziliadimika nchi nzima, na serikali ilikuwa katika msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sabuni na sukari zilikuwa za kupanga foleni. Chumvi ya nyumba ile ilitunzwa katika chungu chenye kifuniko. Maji nayo yalitoka kisimani, juu ya vichwa vya shangazi na dada zangu, na njia ya kisimani haikuwa fupi. Mimi nilichota chumvi bila kuuliza, nikamimina maji ya kunywa bila kuuliza, nikamtia bata ndani ya ndoo. Bata akaelea. Nikamkandamiza kwa jiwe, nikaenda kulala kwa moyo mweupe.

Kati ya usiku jiwe likateleza na ndoo ikapinduka. Maji yale, yaliyokwisha kuchanganyika na damu, yalienea sakafu yote ya udongo, yakalowesha kapu la unga na mkeka wa kulalia. Niliamshwa na sauti ya bibi.

“Mjukuu wangu, maji ya kunywa ya nyumba nzima umeyanywesha sakafu.”

“Nisamehe, bibi. Kitabu ndicho kilichosema.”

“Kitabu hicho hakikuteka maji.”

Hakusema zaidi. Alimwinua bata, akamnusa, akampangusa kwa kitambaa, akachukua konzi moja tu ya chumvi iliyosalia, akampaka mwili mzima, chini ya mbawa na ndani ya tumbo, kisha akamtundika juu ya moshi wa jiko. Alfajiri alimpika, na adhuhuri tukamla. Nyama ilikuwa laini, na chumvi yake imeenea kwa kadiri. Kapu la unga halikupona, na harufu ya sakafu ile ilidumu siku nyingi.

Baada ya chakula bibi aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ni watu gani hao wenye maji mengi namna ile, na chumvi nyingi namna ile, hata wakawaogesha bata walio kwisha kufa? Aliuliza kwa kucheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kila namna ya kupika imezaliwa mahali fulani, na ina masharti ya mahali hapo ndani yake. Mwenye kuichukua akayaacha masharti yake hupata hasara, kama nilivyopata mimi. Basi na tuyatazame mambo manne yanayohusika, yaani ndege mwenyewe, chumvi, maji, na baridi.

Kwanza, ndege. Bata mzinga asili yake ni Amerika. Watu wa nchi ya Meksiko walimfuga tangu zama za kale, na Wahispania walimleta Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Kutoka huko alitawanyika duniani upesi, na kila taifa likampa jina la ugeni. Waingereza wakamwita ndege wa Uturuki, Waturuki wakamwita wa Uhindi, na Wareno wakamwita kwa jina la Peru. Waswahili hawakumpa jina la nchi yo yote. Katika kitabu cha lugha ya Kiswahili alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870, kwa maarifa aliyoyapata Unguja, bata la mzinga limo tayari pamoja na bata la Bukini, na Bukini ndilo jina la kale la kisiwa cha Madagaska. Kwa hiyo twajua kwamba kabla ya mwaka huo ndege huyu alikuwa amekwisha kupata jina lake la Kiswahili.

Steere huyo anatupeleka Masasi. Mwaka 1876, akiwa askofu wa misheni ya Kiingereza iliyokuwa Unguja, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa katika utumwa, wakashuka Lindi na kupanda bara. Nia yao ilikuwa kurudi upande wa Ziwa Nyasa, kwani wengi wao walitoka huko. Walipofika Masasi, penye vilima vile vikubwa vya mawe, waliona nchi njema wakakaa. Mwaka 1882 Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara waliishambulia Masasi na kuchukua mateka, na Chauncy Maples akaihamishia kazi ya misheni Newala. Hivyo mtu aliyeliandika jina la bata mzinga katika kitabu ndiye aliyeianzisha Masasi ya misheni. Simwambii msomaji kwamba alikuja na ndege huyo mkononi. Namwambia kwamba lugha ya pwani, pamoja na majina ya vyakula vya pwani, ilipanda bara kwa njia ile ile iliyopandisha chumvi.

Pili, chumvi. Mtu wa pwani huidharau chumvi kwa kuwa bahari i mlangoni pake. Mtu wa bara aliihesabu kuwa mali. Wayao, waliokuwa wasafiri mashuhuri wa nchi hizi, walishuka pwani na majembe, tumbaku na ngozi, na baadaye pembe za ndovu na watumwa, nao walirudi na nguo, ushanga na chumvi. Mzigo wa chumvi ulipandishwa kwa mabega ya watu, na kila siku ya safari iliiongezea bei yake. Ikilowa mvua, ilipungua, na mwenye mzigo hakuwa na wa kumshitaki.

Wasioweza kuinunua waliitengeneza wenyewe. Walikusanya mimea yenye chumvichumvi, wakaikausha na kuichoma, wakatia majivu katika chombo chenye matundu, wakayamiminia maji kidogo kidogo. Maji yaliyochujika yalichemshwa mpaka yakakauka, na chini ya chungu ikabaki chumvi yenye rangi ya kijivu. Bibi alinieleza kuwa mama yake aliijua kazi hiyo na kuwa siku nzima ya taabu ilitoa chumvi ya kujaza viganja viwili tu. Ushahidi wa maarifa haya tunaupata hata kwa adui na mgeni. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kupigana katika nchi hizi za Lukuledi, Masasi na Newala mwaka 1917 kabla ya kuvuka Ruvuma, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba watu wake walipata chumvi kwa kuchuja majivu ya mimea, na kwamba walijifunza jambo hilo kwa wenyeji.

Mtu aliyeipata chumvi yake kwa kuchoma, kuchuja na kuchemsha hawezi kuchukua nusu kilo, akaiyeyusha ndani ya ndoo, kisha akaimwaga. Leo chumvi hutoka katika mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara na kufika Masasi kwa lori, na bei yake ni nafuu. Lakini mkono wa mpishi hukumbuka zamani kuliko kichwa chake.

Tatu, maji. Hapa ndipo palipo na kiini cha habari yetu. Uwanda wa juu wa Makonde una udongo unaoyanywa maji ya mvua yakapotea chini sana, hata juu kukawa hakuna mito wala chemchemi za kutosha. Watu walikaa huko pamoja na kiu yake kwa sababu vichaka vyake viliwakinga na wavamizi. Waliuchagua usalama, na gharama yake ikawa safari ya kila siku ya kushuka mabondeni kwa miguu na kupanda tena na mtungi kichwani. Karl Weule, mwanachuoni wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, mara tu baada ya moto wa Maji Maji kupita katika nchi hizi, aliandika juu ya taabu hiyo ya maji. Waliochukua mzigo huo walikuwa wanawake na watoto wa kike, na twaweza kusema bila kuogopa kukosea kwamba hakuna kodi iliyotozwa nchini humu iliyokuwa nzito kuliko hiyo.

Katika miaka ya 1950 lilianzishwa shirika la maji la Makonde, ili maji yasukumwe kwa mitambo kutoka bondeni hadi juu ya uwanda na kugawanywa kwa mabomba. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia sana kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Visima vya Mitema vimekuwa tegemeo la Newala na Tandahimba, na chemchemi ya Mbwinji imepeleka maji Masasi na Nachingwea. Hata hivyo mitambo huharibika, mabomba hupasuka, na mwanamke mwenye ndoo hajatoweka njiani.

Watu wa Lupaso hawakukaa juu ya uwanda kama ndugu zao wa Newala, lakini walioana nao na kuijua kiu yao, na wao pia walichota maji kwa jasho. Katika nyumba kama hiyo lita nane ni chakula cha jioni, ni maji ya kunywa ya wazee, ni uso wa mtoto utakaooshwa asubuhi. Na maji yaliyolowekwa nyama mbichi hayana kazi nyingine. Hayanyweki wala hayaoshi chombo, na bustani nayo haiyataki kwa ajili ya chumvi yake.

Nne, baridi. Hapa namrudisha msomaji kwenye yale maneno matatu niliyoyapita. Maji ya chumvi ni ya namna mbili, na kuyachanganya ni hatari. Namna ya kwanza ni maji makali. Lita moja ya maji yaweza kuyeyusha gramu 360 hivi za chumvi, na nyama iliyozama katika maji makali hukaa muda mrefu bila kuoza. Mapipa ya nyama ya namna hiyo yaliwalisha mabaharia wa Ulaya kwa karne nyingi. Namna ya pili ni maji mepesi, yenye gramu 60 kwa lita, na hayo ndiyo ya kitabu changu. Kazi yake ni kulainisha nyama na kuikoleza tu. Chumvi huingia katika mnofu, huzilegeza protini zake, na mnofu ukashika maji yake vizuri zaidi unapopata moto. Lakini maji mepesi hayawezi kuviua vijidudu vya maradhi, navyo huzaana upesi katika joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60. Kwa hiyo njia hii hutaka theluji ya nje au jokofu la ndani. Usiku wa Desemba wa Lupaso hauna hata kimoja, na lau ndoo ile isingepinduka, pengine sikukuu yetu ingalikwisha kwa wagonjwa. Nilipolitambua jambo hilo miaka mingi baadaye, nililishukuru lile jiwe.

Nchi za joto zilikuwa na elimu yao katika jambo hili. Majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi kutoka Arabuni na pwani ya Wasomali yalileta Unguja na Mombasa papa waliotiwa chumvi na kukaushwa juani. Watu wa pwani huziweka ndimu na maembe katika chumvi na jua zikawa achari. Watu wa bara hutumia moshi na chumvi kidogo, na nyama ikaliwa mapema. Njia zote hizo zina shauri moja, nalo ni kupunguza maji. Bibi yangu alipompangusa bata, akampaka chumvi na kumtundika motoni, alifuata shauri hilo.

Na sasa nifikie jambo lililonistaajabisha. Huko Marekani, ambako bata mzinga huliwa kila mwaka katika sikukuu yao ya mwezi wa Novemba, njia ya ndoo ilienea sana katika miaka ya 1990. Lakini wapishi wa majumbani walipata taabu zile zile nilizozipata mimi. Chombo hakikutosha, bata alielea, maji yalimwagika jikoni, na jokofu likajaa. Judy Rodgers, mpishi wa mkahawa wa Zuni Café mjini San Francisco, alikuwa na desturi ya kuwapaka kuku wake chumvi kavu siku moja au zaidi kabla ya kuwaoka, na alieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2002. Mwaka 2006 mwandishi Russ Parsons wa gazeti la Los Angeles Times aliijaribu kwa bata mzinga, naye akaisifu. Leo wengi huko wameiacha ndoo. Sisemi walijifunza kwa bibi yangu. Nasema tu kwamba wenye maji mengi, walipochoka kupangusa sakafu, walifika mahali ambapo wenye maji machache walikuwa wamekaa siku nyingi.

Siri yake ni nyepesi. Chumvi kavu huvuta kwanza majimaji ya nyama yakatoka juu, majimaji hayo huiyeyusha chumvi, kisha nyama huyanywa tena pamoja na chumvi yake. Bata hujitengenezea mwenyewe maji ya chumvi kwa kadiri ya haja yake, wala tone moja halipotei.

Kwa msomaji atakaye kujaribu, hesabu ni hii. Kwa kila kilo ya nyama twaa gramu 15 za chumvi laini. Bata wa kilo tano atahitaji gramu 75, yaani vijiko vinne hivi vya mezani, ambazo ni chini ya moja ya sita ya chumvi niliyoipoteza mimi. Usimwoshe bata kwa maji ya kurusha, maana matone hueneza vijidudu jikoni, mpanguse tu. Mpake chumvi nje na ndani, zaidi penye mnofu mnene wa kifua na mapaja. Ikiwa una jokofu, mweke katika sinia pana chini ya vyakula vyote, siku moja hadi tatu, usimwoshe tena, umpike. Ikiwa huna jokofu, usimlaze. Mpake chumvi akiwa amechinjwa karibuni, kisha mpike mara, mpaka mnofu ulioshikana na mfupa usiwe na wekundu. Na mwenye kupenda ndoo baada ya kusoma haya yote, basi awe na maji ya kutosha na barafu ya kutosha, aitie ndoo ndani ya beseni pana zaidi, na asimkandamize bata kwa jiwe bali kwa sahani nzito.

Bibi yangu alikwisha kufariki. Hakujua kusoma, na mambo ya protini na vijidudu hakuyasikia. Lakini ndani ya konzi yake ya chumvi mlikuwa na safari za Wayao, na majivu ya mama yake, na mitungi ya wanawake wa uwandani, na joto la nchi, vyote vimepimwa vikapata kadiri yake. Mimi nilikuwa na kitabu, nikapima chumvi na maji tu. Kosa langu halikuwa kusoma. Kosa lilikuwa kuingia katika jiko la watu na kuanza kazi kabla sijauliza maji yametoka wapi, na nani aliyeyaleta.

Kila Krismasi, bata mzinga apatikanapo, nampaka chumvi usiku kwa mkono wangu mwenyewe. Ndoo hukaa pembeni na kifuniko chake, imejaa maji ya kunywa.